Leza Ilikuwa Bado Haijawaka

Bandugu, nani aliguza meno yangu leo?

Asubuhi nilienda kwa dokta wa meno hapa Saio, juu kila maji ya baridi inanichoma meno.
"Mama, mwangaza ya leza itatuliza meno, haiumi," aliniambia. Akanilalisha kwenye kiti, akanivalisha miwani nyeusi.

Sikuona kitu tena.
Nikasikia kidole inainua mudomo yangu polepole. Joto kidogo ikapita jino kwa jino. Nikatulia kabisa, hata usingizi ilitaka kunibeba.

Kisha sauti ya dokta ikatoka kule mulangoni:
"Mama, unisamehe. Umeme ilikatika, nilikuwa inje nawasha jenereta. Sasa tunaanza."

Nikatoa miwani. Tulikuwa siye wawili tu.

Nikaomba maji ya frigo, nikakunywa.
Haikuniuma hata kidogo.

Dokta akachomoa waya ya mashine ya leza, yenye ilikuwa bado haijawaka.

Weye, ungerudi kulala kwenye ile kiti?