Jedwali Lililosomeka Kinyume

Macho ya Kuwabara Tomoe hayakuzima siku moja. Yalififia kwa miaka miwili, kwanza pembeni, kisha katikati, hadi alipofika miaka ishirini na tisa akawa hautambui tena uso wa mama yake ng'ambo ya meza. Watu wa Mizuse, mji mdogo wa Kyushu, kusini mwa Japani, uliojibanza kwenye kona ya mto, walimpa pole na kumshauri akajifunze kukanda viungo, kazi ambayo wasioona wa huko wameifanya tangu enzi za mababu. Aliyemfundisha, na ambaye alimwita Sensei, yaani mwalimu, alikuwa mzee Nagatomo, asiyeona tangu kuzaliwa, mwenye vidole vya chuma na ulimi wa pilipili.

"Huyo ni mtu, si unga wa tambi!" alizoea kumfokea. "Kanda kama unamhurumia!"

Tomoe alikanda migongo ya watu miaka kumi na mitano. Kisha sheria ikaibana ofisi ya mji iajiri watu wenye ulemavu, naye akachukuliwa. Miaka mitatu ya mwanzo alikunja barua na kuzitia kwenye bahasha. Kompyuta yenye sauti ya kumsomea alijinunulia mwenyewe, akaanza kuwasumbua wenzake: fomu hii haijaziki, picha hii haina maelezo. Mkuu wa idara, Iwakiri, akambandika jina la "mkaguzi wetu", na kila alipolitamka wenzake walicheka chinichini.

Asubuhi ya kimbunga mvua ilikuwa imepiga siku mbili mfululizo. Vipaza sauti vya mji vilitangaza, lakini kishindo cha mvua kilimeza kila neno. Saa nne, ofisi ikaweka tangazo kwenye tovuti: ukumbi wa shule ya msingi, ambako watu wa bondeni wamezoea kukimbilia, umefungwa kwa sababu ukingo wa mto unatishia kubomoka. Wote wapande kwenye hekalu la kilimani.

Tomoe akalifungua. Sauti ikasema: "Picha." Akabonyeza tena. "Picha." Mtu alikuwa ameipiga picha karatasi na kuipandisha hivyo hivyo.

"Mkuu, tangazo hili kwangu ni karatasi tupu."

"Kuwabara-san, leo si siku ya mambo hayo. Mto umebakiza nusu mita ufurike!"

"Leo ndiyo siku yenyewe. Mji huu una wasioona kumi na wanne, na sita wako bondeni."

Iwakiri akashusha pumzi, akamwamuru karani Seike aliandike upya. Dakika kumi hazikuisha, likawa tayari, limepangwa kwa jedwali.

"Nilisikilize kwanza," Tomoe akasema.

"Limeshatoka," Iwakiri akamkata. "Umeridhika?"

Tomoe alikwisha vaa visikizi. Sauti ikasoma taratibu, bila wasiwasi wowote: "Shule ya msingi: wazi. Hekalu: pamefungwa."

Tomoe akapaza sauti: "Liondoeni! Liko kinyume!"

"Kinyume vipi?" Seike akaruka. "Mimi naliona sawa kabisa!"

Tomoe akachomoa waya wa visikizi, sauti ikajaa chumba kizima. Ikasoma mara ya pili. Seike akakumbuka: maneno "wazi" na "pamefungwa" alikuwa ameyapachika vibaya mwanzoni, kila moja kwenye kisanduku chake, kisha akayavuta kwa kipanya hadi mahali pake. Jicho liliona yalipohamia. Sauti ilifuata mpangilio wa kwanza.

"Futa," Iwakiri akasema. "Futa sasa hivi."

"Usichore jedwali," Tomoe akamwambia Seike. "Andika sentensi. Shule imefungwa, msiende. Nendeni hekaluni. Basi." Safari hii alilisikiliza mara mbili kabla halijatoka, na hakuna aliyemharakisha. Wengine walikwisha shika simu, wakigawana majina ya wale sita. Watano wa bondeni wakapatikana, wote wangali nyumbani. Wa sita alikuwa Nagatomo, naye hapokei.

Tomoe alipiga mara saba. Ya nane ikapokewa, na upepo ukamvumia sikioni.

"Sensei! Uko wapi?"

"Njiani kwenda shule, kama simu ilivyonisomea tangazo lenu! Maji yako magotini."

"Rudi nyuma! Shule imefungwa!"

"Nirudi wapi, wewe? Mvua imemeza kila kitu. Hata fimbo yangu siisikii!"

Tomoe alifumba macho, ingawa hayakuwa na cha kufumbia. Njia ile alikuwa ameitembea na mzee huyo mamia ya mara.

"Mkono wa kulia unagusa nini?"

"Ukuta. Zile mbao zinazochomwa moto ili zisioze."

"Huo ni wa kiwanda cha pombe. Geuka, uuweke kushotoni, uufuate mpaka uishe. Hapo kuna ngazi za mawe za kwenda hekaluni. Sensei? Sensei!"

Simu ilikuwa imekatika. Iwakiri mwenyewe akawapigia wazimamoto wa kujitolea. Dakika arobaini zilipita, na muda wote huo Tomoe alikaa ameikumbatia simu kifuani. Hatimaye mke wa kuhani wa hekalu akapiga: mzee amefika, ameloa chepechepe, fimbo imechukuliwa na maji, na analalamika kwamba chai yao haina ladha. Saa sita mchana ukingo ukabomoka. Maji yaliingia ukumbi wa shule yakafika usawa wa kifua.

Juma lililofuata, Iwakiri alisimama mbele ya meza ya Tomoe. "Nimeinama kukuomba radhi," akamwambia, kwa kuwa alijua haoni. "Kuanzia leo hakuna tangazo litakalotoka kabla hujalisikia." Seike naye akaomba afundishwe kulisikiliza faili skrini ikiwa imezimwa.

Nyumba ya Nagatomo ilijaa tope, naye akahamia kwa binti yake, katika jiji la Kagoshima. Kabla hajaondoka, Tomoe alikwenda kumwambia ukweli: kosa lilikuwa la ofisi yao, si la mashine.

Mzee alimsikiliza hadi mwisho. "Nilishangaa kusikia hekalu limefungwa," akasema. "Lakini nikajiambia, Tomoe yupo pale, bila shaka amelisikiliza. Nikatoka."

Maneno hayo yalimchoma kuliko lawama. Kesho yake aliingia ofisini kabla ya wote, akafungua matangazo ya miaka mitano iliyopita, akaanza kuyasikiliza, moja baada ya jingine.