Moto wa Ng'ombe wa Wenyewe

Mama alikuwa akipika huku amefumba jicho moja. Nilipokuwa mdogo nilidhani wanawake wote hupika hivyo, nami nikikoroga uji wangu wa mchezo nafumba langu, tunacheka wote wawili. Baadaye ndipo nikajua kwamba jicho lile lilikuwa limeshindwa na moshi. Upande wetu, kati ya Shinyanga mjini na Kolandoto, miti ilikatwa zamani ili mbung'o waondoke na pamba ipate nafasi. Tulichobakiwa nacho cha kupikia ni mabua ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe, na vyote viwili vina moshi mwingi kuliko moto.

Hospitalini walimpa dawa ya kutia jichoni, wakamwambia bila kumficha kwamba dawa peke yake haitoshi. Aachane na moshi. Asipoachana nao, jicho lile litakufa, na la pili litalifuata. Mama akarudi na kichupa chake kwenye pindo la khanga, akakaa mafigani akawasha moto, maana tulikuwa hatujala.

Kwa hiyo bwana mmoja wa kampuni alipofika kwetu, mimi nilimwamini kabla hajamaliza kusalimia. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, sabuni ni ya kuwindwa na mafuta ya taa ni hadithi, na huyu anatuambia kuna moto usio na moshi ndani ya mavi tunayoyakanyaga kila siku. Kampuni yao ndogo ilikuwa na ofisi mtaa wa Kambarage, Shinyanga mjini. Walikuwa wakiwauzia mitambo ya gesi ya samadi watu wa majumbani na wenye mahoteli ya chai mjini. Unachimba shimo, unalijengea kwa matofali, unamimina samadi mbichi iliyokorogwa na maji, halafu unafunika kwa pipa kubwa la chuma. Gesi ikijaa, pipa linainuka lenyewe, na mpira unaipeleka hadi jikoni.

Ukubwa wa shimo ulitegemea idadi ya ng'ombe. Bwana yule akaenda zizini, akaanza kuhesabu kwa kidole. Kwetu mtu hahesabu ng'ombe wa mwenzake, tena kwa kidole. Baba akatazama kando kama mtu aliyemkuta mgeni akioga.

"Mzee, una utajiri hapa," bwana yule akasema. "Hawa wote ni wako?"

"Ng'ombe ndio hao unaowaona," baba akajibu.

Yule akaandika. Hakuwa mtu wa kwetu, na hakujua kwamba jibu lile lilikuwa limemwambia kila kitu. Msukuma yeyote angeshusha macho, akauliza mambo ya mvua. Wengi wa ng'ombe wale walikuwa wa rafiki yake baba, mtu wa upande wa Geita, aliyewaleta kwetu nikiwa bado nabebwa mgongoni. Ndiyo desturi tunayoiita kubilisa: unampa mwenzako ng'ombe awachunge, ili ugonjwa au wezi wakija kwako wasiwamalize wote. Anayechunga anapata maziwa, anapata samadi, na anapata heshima ya zizi lililojaa. Lakini hasemi yupi ni wake na yupi si wake. Akisema, amemvua nguo mwenye mali, na amejivua yeye mwenyewe.

Mama alijua. Alimtazama baba, kisha akatazama shimo lilipochorwa kwa jembe, akamwacha bwana yule aendelee. Nadhani alihesabu miaka waliyokwisha kukaa kwetu ng'ombe wale, akaona kwamba waliokaa hivyo watakaa tena. Mtambo ulilipiwa kwa madume wawili. Hao walikuwa wa baba kweli.

Siku gesi ilipofika jikoni, mama aliikaribia kama anayekaribia nyoka. Fundi wa kampuni akawasha kiberiti, ukatoka moto wa buluu, mdogo, msafi. Mama akafumbua macho yote mawili. Akakaa anautazama, machozi yanamtoka, na safari hii hayakuwa ya moshi.

Majirani wakaja kushangaa. Mke wa jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, shangingi wa maneno, akaukataa ugali. "Mimi nile kilichopikwa kwa ushuzi wa ng'ombe?" Mama akamjibu kwamba yeye ng'ombe mwenyewe humla pamoja na matumbo yake, sembuse ushuzi. Tulicheka hadi ugali ukapoa, na mwishowe akala yeye kuliko sote.

Kila asubuhi tulikwenda zizini na ndoo, mama na mimi. Tulikoroga samadi kwa mikono, tunatoa mawe na majani, hadi iwe laini kama uji wa mgonjwa. Maji tuliyachota mbali, na sikuona umbali. Bwana wa kampuni alikuwa ameniambia kwamba ninajua kusema, kwamba watanichukua kwenye landrova yao nikawaonyeshe akina mama wa vijiji vingine. Mimi wa darasa la saba! Nikawa nawafanyia mazoezi ndama: "Shikamooni mama zangu, nimewaletea moto usiotoa machozi." Ndama walinisikiliza vizuri sana.

Jicho la mama likaanza kutulia. Akaanza hata kutunga uzi kwenye sindano.

Kisha rafiki yake baba akaja. Nilimpigia magoti nikamwamkia kwa Kisukuma, "Mwadila, baba," akaitika kwa upole akaniuliza kama bado naogopa mbwa. Alikuwa mtu mwema. Hilo ndilo lililonichoma zaidi, kwa sababu sikupata wa kumchukia. Mwanawe alikuwa anaoa, mahari ilihitajika, na ng'ombe watakaobaki baada ya mahari alitaka awahamishie kwake. Baba akachinja mbuzi. Hakusema hata subiri kidogo, kwa kuwa anayechungishwa haombi. Mama ndiye aliyempikia mgeni nyama ile, kwa moto wa ng'ombe waliokuwa wakiondoka.

Asubuhi wakaswagwa, vumbi likasimama njiani hadi jua likapanda. Baba akaachiwa mtamba mmoja wa shukrani. Hata alipoongezwa kwa wachache wa kwetu, ndoo haikujaa. Pipa likaanza kushuka, kidogo kidogo, kama kifua cha mtu anayetoa pumzi asiivute tena. Moto ukatosha chai, kisha ukatosha kuchemsha maji ya kunawa. Kisha fundi angeweza kuwasha viberiti vyote vya Shinyanga, moto usitoke.

Mama akarudi mafigani.

Kampuni ikaja na landrova imejaa wageni waliotaka kununua, wenye hoteli na mabwana wa mjini, waje waione nyumba yetu kuwa ya mfano. Walikuta pipa limezama na kuku wamelala juu yake. Bwana yule akachungulia shimoni, akaona kavu. Zizi hakulitazama hata kidogo. Akawageukia wageni wake akasema kwamba mtambo hauna kosa, tatizo ni watu kuchoka kuulisha. "Wenzetu hawa wanapenda vitu vya bure," akaongeza.

Nilifungua kinywa. Baba alikuwa amesimama karibu na lango la zizi, na alinitazama. Hakunikaripia. Alinitazama tu, na nikaona kwamba neno langu moja litamwacha uchi mbele ya watu wa mjini.

Mama akajifuta mikono kwenye khanga, akasogea mbele.

"Ni kweli, mwanangu," akamwambia bwana wa kampuni. "Ni uvivu wetu. Sisi wanawake tulichoka. Mtusamehe."

Yule akatikisa kichwa kwa huruma, kama mwalimu. Wageni wakapanda gari. Kuhusu mimi na akina mama wa vijiji vingine hakukuwa na neno, na alipopita karibu yangu alikuwa anatafuta ufunguo mfukoni.

Mama akaingia jikoni, akavunja mabua ya pamba juu ya goti, akapuliza. Nilikwenda kukaa upande ule ambao upepo hupeleka moshi, nikidhani nitaupunguza kwa kuula mwenyewe. Akanifukuza, akasema nikalinde macho yangu, maana si muda mrefu nitakuwa ninamwongoza njia.

Sasa ninamwongoza.