Nilivyomfundisha Binti Yangu Kushika Uzi

Ndoano niliikuta kwenye mfuko wa kaptura ya shule ya mwanangu wa kiume, Jumapili moja nikifua. Ilikuwa imechomekwa kwenye kipande cha ndala ili isimchome paja, na uangalifu huo ndio ulionishtua kuliko ndoano yenyewe, kwa sababu haukuwa uangalifu wa mtoto wa miaka tisa. Nilimwita dada yake, ambaye alikuwa na miaka kumi na miwili, nikaiweka mezani mbele yake. Aliitazama, kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kile kipande cha ndala alikikata yeye. Kwa zaidi ya mwezi mzima walikuwa wakienda kwenye mawe ya ziwani baada ya shule, siku ninazochelewa kazini.

Nilivuta kiti nikakaa. Nyumba yetu iko Pasiansi, na ukifungua dirisha la chumbani unaliona ziwa lote hadi linapokutana na mbingu, lakini katika miaka yangu yote ya kuishi pale sikuwahi kutia hata unyayo ndani yake. Nilizaliwa upande wa Misungwi, katika kaya ya wafugaji, ambako maji yalikuwa ya lambo na kazi yake ilikuwa kunywesha ng'ombe. Nilisoma, nikaajiriwa mjini, nikaolewa na mtu wa kwetu. Hakuna kati yetu anayejua kuogelea. Watoto niliwakataza ziwa kama nilivyowakataza moto wa jiko. Sasa nilikuwa nikigundua kwamba katazo langu halikuwaweka mbali na maji hata siku moja. Aliyewekwa mbali nilikuwa mimi, na kama mmoja wao angeteleza, ningeletewa habari ofisini.

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi niliwaambia kwamba hawataenda tena bila mimi, na kwamba kila Jumamosi nitakwenda nao. Nilitaka wanipe ahadi moja tu, kutonificha tena. Waliahidi haraka mno, wote wawili kwa pamoja, na haraka hiyo haikunipendeza.

Wa kutufundisha alikuwa jirani yetu wa nyumba ya pili, mwanamke wa Kijita aliyekulia kando ya ziwa upande wa Musoma, ambaye huvua kwa ndoano samaki wa mboga yake mwenyewe. Ni mdogo kwangu kwa miaka kama kumi, watoto wangu humwita mama mdogo, naye hunisalimia shikamoo hata siku tulizokorofishana. Nilipomweleza shida yangu, alicheka mpaka akatua beseni alilokuwa amelibeba.

"Msukuma ziwani," alisema. "Dada, utawachunga samaki?"

Alinituma nikanunue uzi wa nailoni. Dukani nilichagua mnene kuliko yote, kwa hoja kwamba kisichokatika ndicho salama. Jirani aliuviringisha kati ya vidole vyake, akaniuliza kama ni wa kuvulia samaki au wa kuvutia gari. Hata hivyo aliutumia. Aliuzungusha kwenye chupa nyekundu ya plastiki, akafunga nati kuukuu ya baiskeli kuwa uzito, akawaonyesha watoto namna ya kushika: chupa mkono wa kushoto, uzi ukipita juu ya kidole kimoja tu cha mkono wa kulia. Samaki akivuta, aachwe achukue anachotaka, chupa izunguke yenyewe. Aliyarudia maneno hayo mara nyingi hata nikaona ananifanya mtoto.

Jumamosi tatu za kwanza hatukupata kitu zaidi ya furu, vile visamaki vya mawe ambavyo havijazi kiganja. Sikuvua. Nilisimama juu ya jiwe nimeshika ukosi wa shati la mwanangu kwa mkono mmoja, macho nikiwa nimeyakaza kwenye miguu ya dada yake, kwa kuwa ukingo wa mawe yale umeota ukijani unaoteleza kama sabuni. Nilikuwa nikihesabu: mmoja, wawili, mmoja, wawili. Siku moja mwanangu aliniuliza kwa adabu kama naweza kumshika dada yake kidogo, yeye apumzike.

Jumamosi ya nne kulikuwa na upepo. Minyoo yetu ilikuwa imekaribia kwisha, na jirani akaenda nyuma ya mwamba wa pili kuchimba mingine, mahali ambapo ungemwita akasikia. Mwanangu alikaa nyuma yangu, mahali pakavu. Binti yangu alikuwa amechuchumaa karibu na maji. Mara tatu samaki walikuwa wamedonoa, na mara tatu uzi ulikuwa umemponyoka kidoleni kabla hajawahi kuukaza. Nilijua kwamba akishindwa leo mbele yangu, atatafuta siku nyingine ya kuja nisipokuwepo.

Ndipo nilipokumbuka kwamba nami nina kitu cha kufundisha. Nilipokuwa na umri wake nilikuwa nikiongoza ndama kwenda lamboni, na babu alinionyesha namna ya kushika kamba: unaizungusha mara mbili kiganjani na kufunga ngumi, ili ndama akishtuka akukute umeshikamana naye. Sikuwahi kupoteza ndama hata mmoja.

"Zungusha mara mbili kiganjani," nilimwambia. "Hivi."

Alitazama chupa iliyokuwa kwenye mkono wake wa kushoto, kisha akanitazama mimi. "Mama mdogo alisema—"

"Zungusha."

Akatii. Akaiweka chupa chini kwenye jiwe, akazungusha.

Furu alinasa karibu mara ile ile, na safari hii hakuponyoka. Binti yangu alicheka, nami nikasikia fahari ambayo sikuwa nimeisikia tangu tuanze kuja pale. Alianza kumleta taratibu. Tulimwona akija, mdogo, akimetameta. Kisha nyuma yake maji yakawa meusi, kitu chenye urefu wa ubao kikapinduka, na furu akawa hayupo. Sangara alikuwa amemmeza pamoja na ndoano.

Uzi ulikaza, na binti yangu akaanguka kwa magoti. Nilimrukia kiunoni nikamvuta nyuma kwa nguvu zangu zote, kama mtu avutavyo ndama aliyeona chui. Nilisikia akisema, "Mama, usivute. Mama, unanikata," lakini mikono yangu haikuwa ikisikia. Uzi ule mnene niliouchagua mwenyewe ulikuwa umezama nyuma ya kiganja chake na vidole vyake vilikuwa vikibadilika rangi. Kila nilipovuta, ulizama zaidi. Kila nilipolegeza, magoti yake yaliteleza kuelekea majini, na miguu yangu ikayafuata. Mwanangu alisimama. Nilimwamuru akae, akakaa, na akiwa amekaa hivyo hivyo akaanza kumwita jirani kwa sauti kubwa.

Jirani alitokea juu ya mwamba. Nilitegemea aje atushike, tuvute watatu. Alisimama pale juu, akapima kwa macho, akasema kwa ukali ambao sikuwa nimewahi kuusikia kwake, bila dada wala shikamoo:

"Usimvute. Mfuateni samaki. Ingieni majini."

Nilimwelewa, na nikakataa. Haikuchukua zaidi ya pumzi mbili, lakini najua kwamba nilikataa. Mbele yangu palikuwa na maji ambayo sikujua kina chake, na kila kitu nilichofundishwa tangu utoto kiliniambia nikanyage nyuma. Kisha binti yangu aligeuza uso. Hakuwa akilia. Alikuwa akinisubiri.

Nikaingia naye. Maji yalifika magotini, yakafika kiunoni, kitenge kikaninasa mapajani. Mguu ukatafuta chini, ukakosa, ukapata mchanga. Tulipiga hatua tatu, nne, kumwelekea samaki aliyekuwa akituvuta, na katika hatua ya nne nikauona uzi ukilegea na kupinda juu ya maji. Jirani alikuwa amekwishafika ubavuni kwetu, maji yakiwa kifuani mwake.

"Fungua sasa," alisema.

Nilifungua mzunguko wa kwanza, nikafungua wa pili, ambao ulitoka na damu. Uzi ukatuponyoka. Kule juu ya jiwe ile chupa nyekundu iliruka, ikagonga jiwe jingine, ikaanguka majini na kuanza kusafiri peke yake kuelekea kilindini. Ilizama, ikaibuka mbali zaidi, ikazama tena.

Jirani alitutoa nje akiwa ametushika viwiko. Aliuosha ule mkono kwa maji ya kunywa, akaufunga kwa ushungi wake, na alipomaliza, hofu yake ikageuka hasira, kama kawaida ya hofu. Alimuuliza binti yangu kama ndivyo alivyomfundisha.

Binti yangu aliangalia mkono wake. "Nilisahau," alisema.

Nilinyamaza. Ningependa kuandika kwamba nilisema hapo hapo, lakini nilinyamaza huku nikikamua kitenge changu. Jirani alimgombeza barabara: kwamba ziwa si mahali pa watu wanaosahau, kwamba yeye hatamfundisha tena mtoto asiyesikia, kwamba angemweleza nini baba yake. Binti yangu aliyapokea yote kichwa chini, bila kunitazama. Mwanangu alikuwa akinitazama. Alikuwa amekaa nyuma yetu muda wote, na alikuwa amesikia.

"Hakusahau," nilisema. "Mimi ndiye niliyemwambia azungushe. Alinikatalia, nikamlazimisha."

"Wewe?"

"Kwetu ndivyo tunavyoshika ndama."

Jirani alikaza fundo la ushungi mkononi mwa binti yangu. Mwishowe akasema kwamba kuanzia Jumamosi ijayo mwanafunzi ni mimi, na watoto watakuja kunisimamia.

Zahanati walimsafisha jeraha na kumshona nyuzi tatu. Jioni baba yao alirudi kutoka Misungwi, ambako hufanya kazi wiki nzima, akauliza mkono una nini. Binti yangu alinitazama, nami nikamweleza mume wangu mbele yao, kuanzia kamba ya ndama hadi kule kunyamaza kwangu, ambako kulikuwa kugumu zaidi kueleza. Aliuinua ule mkono, akautazama pande zote mbili. Kisha akakiri, kwa shida kidogo, kwamba yeye angezungusha mara tatu.

Tulikuwa bado mezani mwanangu alipoondoka bila kuaga. Alirudi amefumba ngumi, akaifungua mbele yangu, pale pale nilipoiweka ile ndoano ya kwanza. Ilikuwa ndoano nyingine, kubwa zaidi, nayo imechomekwa kwenye kipande cha ndala.

Nilimuuliza kama ndiyo ya mwisho. Alimtazama dada yake, akafikiri, kisha akarudi chumbani.