Herufi Zilizojiandika Munje

Sijapata kuona haya kama Ijumaa hii. Kompyuta yangu ya kizamani, ninayoifufua kwa mapenzi tu hapa Munje, ilikataa kibodi isiyo na waya. Nikaitupa kochini, nikachomeka ya waya, nikaiwasha kompyuta upya. Mama alipoketi kochini kuvuta uradi, herufi zikaanza kujiandika kwenye kioo, polepole, wala sijagusa kitu. Alipoinuka kuleta ubani, zikanyamaza.

Nami, fundi wa kujisifu, nikaenda kumwita ustadhi.

"Shikamoo, ustadhi. Mle ndani ya kompyuta mna mtu."

"Marahaba. Tutamsikia," akasema. Tulipofika nyumbani, akaketi kochini.

Herufi zikajaa kioo kizima. Nikajificha nyuma ya mama. Ustadhi akapapasa chini ya mto aliokalia, akatoa kibodi niliyoitupa. Kipokezi chake sikuwa nimekichomoa kwenye kompyuta. Akaifungua, akanitilia betri mkononi.

"Jini nimekwisha kumtoa, mwanangu."