Trela langu liligoma kusimama sawa mbele ya mama mkwe, kumbe mchawi ni neno "sawa" lenyewe

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi.

Ninachosimulia kimenipata mimi mwenyewe mwezi uliopita na sijakitia chumvi. Chumvi pekee iliyomo ni ile wanayomwaga barabarani huku wakati wa baridi, mtaikuta mbele.

Mimi ni mtu wa Tabora, naishi Louisville, Marekani, naendesha forklift kwenye ghala. Mke wangu Furaha ni Mkongo wa Fizi. Mama yake anakaa Columbus, kwa shemeji yangu Bahati.

Sasa mama mkwe ana dada yake mkubwa, Mama Sifa, yuko Buffalo kule West Side. Hawajaonana miaka kumi na moja, tangu mmoja apate ndege ya kutoka kambi ya wakimbizi na mwingine abaki. Kila Jumapili wanapigiana video, wanalia wote wawili, halafu wanaanza kubishana nani alikuwa anavuta blanketi walipokuwa wadogo.

Ombi la mama mkwe lilikuwa moja tu: alale na dada yake kitanda kimoja, wiki nzima, kama zamani.

Shida ni ngazi. Mama Sifa anakaa juu kwenye zile nyumba za mbao, ngazi nyembamba, zimesimama wima. Mama mkwe magoti yamechoka, akipanda ngazi tatu anatafuta pa kukaa.

Hapo ndipo nilipojitosa. Nina trela, lile la kuvuta nyuma ya gari, lenye kitanda kipana, jiko na choo. Nikamwambia Furaha, "Mwambie mama nampeleka Buffalo, na trela ndilo chumba chao."

Mmeona nimesema "mwambie mama"?

Kwa desturi ya ukoo wao, mama mkwe hasemi na mkwe wa kiume moja kwa moja. Miaka sita ya ndoa, hajawahi kunisemesha. Kila neno linapita kwa Furaha, hata tukiwa meza moja. "Furaha, mwambie mume wako wali unapoa." Na mimi nimekaa pale pale, nausikia na nauona. Nilishazoea.

Turudi kwenye trela. Kwa asiyejua, ukilipaki mahali penye mwinamo lazima ulinyooshe, la sivyo unalala kichwa chini miguu juu. Langu linajinyoosha lenyewe. Lina miguu ya chuma ya umeme na kisanduku kinachopima mwinamo. Unabonyeza kitufe, miguu inashuka, taa ya kijani inawaka, unaenda zako kunywa chai.

Kisanduku kikafa. Nikaagiza kipya, nikakifunga Columbus kwenye uwanja wa Bahati, siku moja kabla ya safari.

Kisanduku kipya hakina kumbukumbu yoyote. Unainua trela wewe mwenyewe kwa vitufe mpaka linyooke, halafu unakifundisha: hii hapa ndiyo sawa, usiisahau. Nikamweka Bahati ndani na pimamaji, Wakongo wanaiita nivo. Mimi nikakaa nje kwenye vitufe.

Nikapiga kelele, "Shemeji! Iko sawa?"

"Sawa!"

Nikabonyeza. Kisanduku kikakubali. Nikajisifu mwenyewe kimoyomoyo, fundi mimi, nikakunja miguu ya trela na kwenda kuoga.

Safari ilikuwa nzuri. Mama mkwe alikaa kiti cha nyuma, na kuanzia Cleveland kazi yake ikawa moja, "Furaha, mwambie mume wako apunguze mwendo." Nilikuwa napitwa na malori yote ya Ohio.

Mitaa ya West Side haina pa kupaki dude kama lile. Muumini mmoja wa kanisa lao pale Lackawanna, jirani na Buffalo, alitupa uwanja wake mpana, tambarare. Mwanawe Mama Sifa alikuwa ameshamleta mama yake, akasema atarudi saa kumi na mbili jioni kuuliza kama analala hapa au anarudi nyumbani.

Wakuu, wale wamama walivyokumbatiana! Walishikana hawaachiani. Mimi nikageuka nikajifanya naangalia matairi.

Nikabonyeza kitufe changu. Miguu ikaunguruma, taa ya kijani ikawaka. Nikawakaribisha ndani kwa mbwembwe zote.

Furaha akaweka sahani ya mayai ya kuchemsha mezani. Yai la kwanza likaanza safari. Likaenda taratibu mpaka ukingoni, likadondoka. La pili likalifuata.

Wamama wakasema ngoja tujaribu kitanda. Wakajilaza, na wote wawili wakateleza ukutani. Mama Sifa akawa chini, akapiga kelele, "Unanifinya!" Na Mama Sifa, jamani, amebadilishwa nyonga juzi juzi tu.

Mama mkwe akainuka, akatengeneza kitenge chake. "Furaha, muulize mume wako, hii nyumba imelewa?"

Nilitamani ardhi ipasuke.

Furaha anafanya kazi ya kuhudumia wazee, na kwenye mambo ya nyonga hana utani. Akanivuta pembeni. "Baba Neema, likibaki hivi hawalali humu. Ma' mkubwa atarudi kwake kwenye ngazi, mama atalala kwa mwenye uwanja. Tumekuja bure." Ilikuwa saa nane mchana.

Basi nikaanza kuhangaika.

Nikapima betri, nzima. Lakini miguu ikifanya kazi umeme unashuka. Nikafuata nyaya mpaka chini ya trela, nikaukuta waya wa earth umeliwa na kutu pale ulipofungwa kwenye chasisi. Hiyo ndiyo kazi ya ile chumvi ya barabarani niliyowaahidi. Nikasugua kwa msasa, nikakaza nati, nikabonyeza tena. Miguu ikashuka kwa nguvu mpya, taa ya kijani ikawaka.

Trela limeinama.

Nikasema labda mguu mmoja unazama kwenye udongo. Nikaweka mbao chini ya miguu yote. Kijani. Limeinama. Nikabadilisha fyuzi ambayo haikuwa na kosa lolote. Kijani. Limeinama! Nikapiga teke tairi, nikaumia kidole gumba, Furaha akacheka mpaka akashika mbavu. Halafu akachukua gari kwenda West Side kufuata dawa za Mama Sifa alizozisahau.

Nikabaki na kidole changu. Nikawaza. Linainama upande ule ule, kiasi kile kile, kila mara. Kitu kibovu hakina nidhamu namna hii.

Nikampigia Bahati, ambaye huniita bofrere, yaani shemeji kwa Kifaransa chao.

"Shemeji, jana nilipokuuliza iko sawa, nivo ilikuwa inasemaje?"

"Nivo? Ilikuwa bado ndani ya begi, bofrere. Nilikuwa naitafuta."

"Si ulinijibu sawa?"

"Bon, nilisema sawa, donc, yaani nimekusikia! Sikusema iko sawa!"

Nikakaa chini kwenye nyasi.

Jamani, hili neno letu tumelibebesha mizigo! Sawa nimesikia. Sawa nimekubali. Sawa tutaona. Sawa bwana, ya kununa. Na sawa ya kunyooka, ambayo ndiyo niliyoitaka mimi. Kisanduku hakikuwa na ubovu wowote. Kilifundishwa mteremko wa uwanja wa Bahati, kikaushika kwa uaminifu, na kila nikibonyeza kinatuletea Columbus pale Lackawanna.

Kukifundisha upya kunahitaji mtu ndani wa kusoma nivo. Furaha hayupo. Mwenye uwanja yuko kazini. Ndani wako wamama wawili, na Mama Sifa miwani yake imebaki West Side pamoja na dawa.

Nikaitoa nivo kwenye lile begi, nikaiweka sakafuni, nikatoka, nikasimama dirishani nikaongea na ukuta wa trela. "Kama kuna mtu ndani anakiona kile kiputo cha hewa, ningefurahi kujua kimeelekea wapi."

Nikaenda kushika vitufe.

Halafu nikasikia sauti ya mama mkwe, ya chini, akimwambia dada yake mkubwa, ambaye kwao ndiye yaya, na kiputo akikiita jicho. "Yaya, umwambie ule mutu, jicho limeenda kwa dirisha."

Mama Sifa masikio yake yako kama macho yake. Akapaza sauti, "Anasema kwa mlango!"

Kiputo hukimbilia upande wa juu, kwa hiyo nikainua upande wa dirisha. Trela likazidi kuinama. Nikasikia mayai mengine yanadondoka, sahani ikayafuata.

"Yaya, mwambie hapana! Dirisha!"

"Anasema endelea!"

Nikaendelea.

"We mkwe!" Dirisha likafunguliwa kwa kishindo, kichwa cha mama mkwe nje. "Simama! Utatuua! Nimesema dirisha, na jicho linaenda kwenye pande ilinyanyuka! Shusha! Shusha ile!"

Miaka sita, wakuu. Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa "we mkwe", na mimi nilifurahi kama nimeitwa jina langu mbinguni.

"Ndiyo mama! Nashusha!"

Tukafanya kazi. Yeye anasoma, mimi nabonyeza. Kwa upana, halafu tukageuza nivo kwa urefu. Mwisho nikataka kuuliza "iko sawa?", nikajiuma ulimi.

"Mama, jicho liko wapi?"

"Liko katikati ya mistari yake yote mbili. Haliendi popote."

Nikabonyeza kukifundisha. Nikakunja miguu yote, nikaanza mwanzo, nikabonyeza kitufe kile kimoja. Taa ya kijani ikawaka. Nikaingia na kikombe cha chai kilichojaa mpaka mdomoni, nikakiweka mezani. Hakikumwagika hata tone.

Mama mkwe alishageukia ukutani, amerudi kwenye desturi yake.

Saa kumi na mbili mwana wa Mama Sifa alikuja, akagonga. Ndani walikuwa wanabishana habari ya blanketi. Aliondoka peke yake.

Asubuhi tulikaa wote mezani kwa chai. Mama mkwe akakoroga sukari muda mrefu, haniangalii.

"Furaha," akasema, "mwambie mume wako, tumelala sawa."

Furaha akafungua mdomo kunifikishia ujumbe, akaona machozi yananilenga, akauacha hapo hapo.

Nilichojifunza, wakuu: kabla hujalaumu mashine, kumbuka nani aliifundisha na kwa maneno gani. Kaza waya wako wa earth. Na ukifanya kazi na mtu, msitumie "sawa" kupimia kitu, mwambie akutajie anachokiona.

Nanyi leteni visa vyenu. Neno gani la Kiswahili limewahi kukuponza kazini au ukweni? Nitawasoma wote, ila atakayenijibu "sawa" tu, sitajua amemaanisha nini.