Ukuta wa Bekari Uachwe na Matundu Yake

Tena msituletee habari za kupendezesha mtaa! Mtaa huu umependeza lini? Ile benki ya nguzo nene pale kona ilikuwa mahakama. Mlango wanaotokea watu na hela leo ndio huohuo waliotokea na pingu. Sinema ya ngazi za mzunguko ilichomwa na watu wakiwa ndani, sasa wanauza matairi. Na bekari ya matao ndiyo iliyotobolewa siku askari walipoifyatulia risasi foleni ya mkate.

Kwenye foleni ile alikuwepo mama yake Brashi, huyu mchora mabango wetu. Risasi ilimpata shingoni, akaanguka kifudifudi, ndiyo maana kichanga cha mgongoni kikapona. Kichanga ndio Brashi mwenyewe. Maiti zilizolewa na lori, mpaka leo hajui mama kazikwa wapi.

Basi kila duka likibadilika pale bekari, Brashi ndiye anapaka ukuta. Mafundi wengine wanayaziba matundu ya risasi kwanza. Yeye anazungusha brashi ya herufi kando ya kila tundu, ndani lisiingie hata tone.

"We Brashi, unaupaka wanja ukuta?" watu wanamtania.

"Naupaka! Kama unalijua kaburi la mama yangu, nipeleke!"

Jana asubuhi kakuta nusu ya matundu yashazibwa. Na fundi aliye juu ya ngazi ni nani? Shemeji yake, kaka wa mkewe.

"Shemeji, shuka."

"Mwenye jengo anasema matundu yanafukuza wateja. Na mimi nina watoto, shemeji."

"Nimesema shuka!"

"Nisiposhuka?"

Brashi akaipiga ngazi teke. Shemeji akaja chini mzimamzima, mdomo ukavaana na ndoo, jino likatoka. Akainuka na mwiko wake wa kupigia plasta, akampasua Brashi nyusi. Wakagaragazana kwenye saruji mbichi, damu na udongo huwezi kutenganisha.

Walinzi wa mwenye jengo wakatoka na marungu. Mmoja akaubana mkono wa kulia wa Brashi kwenye kizingiti, mwenzake akashusha rungu mpaka vidole vikalia kama kuni kavu.

"Haya, chora sasa!"

Aliyemlalia juu kumkinga ni shemeji yuleyule, mdomo umevimba, marungu yanamla mgongoni. "Muacheni! Mume wa dada yangu huyu!"

Njiani kwenda hospitali akamnong'oneza, "Shemeji, mchanga nilizidisha. Saruji haijashika, hata kijiko kinaitoa."

Brashi mkono kafungiwa mbao, hashiki kitu. Wewe unayesoma wako mzima. Kesho saruji itakuwa imekaza, na walinzi ni wawili tu. Chukua kijiko, njoo bekari leo hii, ukwangue!