Gundi Mbichi

Shemeji yangu ni fundi seremala na mzee wa kanisa, na kote kuwili anaheshimika. Mimi nashona nguo kwenye kibaraza cha karakana yake, kwa hiyo namwona kutwa. Nimemchunguza muda mrefu, na bado jambo moja linanitatiza: mtu anayejua kulia mbele za Mungu vile, anashindwaje kusema "ni mimi" mbele ya mkwe wake?

Mkwe wake ni mama yetu, mimi na mke wake. Mama amejaaliwa mwili. Jumapili moja alikalia benchi jipya la kanisa, kazi ya shemeji, mguu wa benchi ukachomoka, akaenda chini chali, viatu juu. Watu walicheka kidogo. Mama hakucheka. Aliamini ni uzito wake, akaacha kabisa ibada, yeye aliyezoea kufika kabla ya mchungaji.

Sasa, mimi nilimwona fundi akifungua vibanio vilivyoshikilia miguu ya benchi lile gundi ikiwa bado mbichi, kwa sababu alivitaka kwa kitanda cha mteja. Nikamwuliza taratibu.

"Shemeji, ile gundi ilikauka kweli?"

"Shetani hapendi kanisa lipate mabenchi," akanijibu, akaendelea kupiga randa.

Nikamweleza mama. Akanikemea nisimpake matope mkwe wake, mtu wa Mungu.

Na kweli fundi alihangaika. Alifunga, akamwombea, akampelekea supu, hata akamtengenezea kiti kipana chenye mikono. Mama alikitazama tu, akagoma kukikalia.

"Nitakivunja na hiki, baba. Nisamehe kwa lile benchi lako."

Nilibana pumzi. Kazi yote mama alikuwa ameshamfanyia. Kilichobaki ni yeye kusema "ni mimi." Fundi alipangusa jasho, akatazama miguu ya kiti.

"Nimeshakusamehe, mama," akasema.

Nilikasirika hadi nikatoka nje. Lakini mama, maskini, alifurahi, na Jumapili iliyofuata akarudi kanisani. Hakukaa. Alisimama nyuma ibada nzima, ameshika ukuta, na akina mama walipomsogezea nafasi akatikisa kichwa. Mbele, fundi aliongoza sala ya toba kwa sauti ya kutetemeka. Katikati ya sala alifumbua jicho moja, akamwona mkwewe amesimama, akalifumba tena, akapandisha sauti.